Vera Akeyo na Dawa ya Ini

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Kamwokya na nyote mliokesha nasi, mimi ni kaka yake mkubwa, familia imenituma nisome, na mtakaposikia nimekasirika mnivumilie.

Vera Akeyo alizaliwa tarehe 14 Machi 1987 hapahapa Kamwokya, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Wandera, aliyetoka Busia ya Kenya akaajiriwa kwenye kiwanda cha mikate, na Mama Awiti, mnayemwona ameketi pale mbele. Alisoma msingi hapa, akaenda sekondari Lubaga mwaka 2001, na mwaka 2004 baba akafariki kwa ini lililojaa mafuta, watu wakanong'ona kuwa ni pombe, ilhali baba hakuonja waragi hata kwenye harusi. Jambo hilo lilimuuma Vera kuliko sisi wote.

Mwaka 2007 aliingia chuo kikuu kusomea kemia, tarehe 15 Desemba 2012 akafunga ndoa Lubaga na Byron Masinde, wakajaliwa binti mmoja, Ayoo, mwaka 2014, na baada ya shahada ya uzamivu mwaka 2016 akaajiriwa kwenye maabara moja Wandegeya. Kazi yake, kama alivyotueleza mezani, ni kwamba ndani ya ini mna vimeng'enya vinavyoitwa kinesi, na kimoja huamuru seli zihifadhi mafuta, naye alikuwa akichora kwenye kompyuta molekuli ya kuingia ndani ya kimeng'enya hicho na kukizuia, kisha akiitengeneza, ikishindikana anaanza upya. Mei 2021 moja ilikubali, maini ya panya yakasafika, Mama akaimba, lakini kufikia Septemba panya walewale walikuwa wanakufa, kwa sababu molekuli ilizuia pia kinesi nyingine ambayo moyo unaihitaji, na Vera akaisimamisha.

Wakati huo mwenyewe alikuwa amenenepa, mashangazi wakimwambia, "Vera, bwana yako anakulisha mzuri," naye akicheka tu, kumbe ameshapima na anajua ini lake ni kama la baba. Februari 2024 lilikuwa makovu matupu, tumbo limejaa maji, na madaktari wakatuambia hawana la kuongeza.

Byron alimsihi ameze ile molekuli aliyoisimamisha, kwamba yeye si panya, nami nilimuunga mkono, Mama pia, lakini Vera akakataa, akisema akifa nayo tumboni hakuna atakayeruhusiwa kuendeleza kazi ile. Jumapili tarehe 14 Julai alimtuma mwanafunzi wake, Akwero, akaharibu yote iliyobaki, maana alimjua mume wake, na sisi pia alitujua. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Agosti 2024, alfajiri, akiwa na miaka 37.

Wapo wanaotufariji kuwa kazi yake itaendelea. Akwero ameniambia maabara imefungwa, na hakuna aliyekuja kuuliza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wenzake wa kazini, na wewe Akwero, Byron bado hawezi kukutazama usoni, mvumilie.

Dada yetu, ile dawa tungekunywesha kwa nguvu, na labda tungekuzika Julai, labda leo ungekuwa jikoni kwako, hatutajua kamwe. Pumzika kwa amani, hakuna tena wa kukubembeleza uimeze.