Nesi Miwani na Pini ya Siku ya Ishirini na Moja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Nesi Miwani, mkunga wa zahanati, aliyefariki Jumanne nyumbani kwake akiwa na miaka sabini na minne. Figo zilimtesa muda mrefu, ila mwisho ulikuja kwa upole. "Alikunywa chai, akageukia ukutani, akalala," anasema bintiye. "Tulilia, lakini tulipumua pia. Mama kapumzika."

Alianza kwa kufagia korido za zahanati. Akasoma, akavaa gauni jeupe, akazalisha kwa miaka thelathini na mmoja. Lakini yeye mwenyewe alikaa kwenye ndoa miaka tisa kabla ya kupata mtoto. Miaka tisa! "Alisema hakuna aliyemweleza mwili wake," anasema bintiye. "Ndiyo maana hakuona haya kueleza wenzake."

Kuna fundi cherehani mmoja anayelijua hilo vizuri. Alikuwa na miaka mitatu kwenye ndoa, tumbo kimya. Mumewe ni dereva wa lori. Mama mkwe alipita dukani na salamu zenye miiba: "Mwanangu, unashonea watoto wa watu tu. Wa kwako utamshonea lini?" Fundi alicheka meno ya nje, moyo ukivuja. Alishasikia minong'ono kwamba mumewe anatafutiwa mke mwingine.

Siku moja Nesi Miwani akaja kupunguziwa gauni. Akapanda stuli, fundi akapiga magoti, pini mdomoni. Punde tone la chozi likaanguka kwenye pindo.

"Binti, gauni langu limefiwa?"

Fundi akacheka, akatoa pini mdomoni, akamwaga yote. Kila mwezi mumewe huomba ruhusa kazini. Hufika siku ya kumi na mbili tangu hedhi ianze, huondoka ya kumi na tano asubuhi. Si kila mtu husema yai hutoka siku ya kumi na nne?

"Toka hedhi hadi hedhi, ni siku ngapi?"

"Thelathini na tano, mama. Haipishani sana."

"Na pindo hili, unapima kuanzia wapi?"

"Sakafuni. Nikianzia begani litakwenda upande, maana mabega ya watu hayalingani."

"Basi na yai lipime hivyo hivyo, kutoka mwisho. Nipe futi yako ya kupimia."

Akashuka, akaitandaza futi ya kitambaa mezani. Akachoma pini kwenye namba thelathini na tano. Akarudi nyuma kumi na nne, akachoma nyingine kwenye ishirini na moja. "Yai lako linatoka karibu na hapa." Akarudi tano zaidi, pini ya tatu kwenye kumi na sita. "Kuanzia hapa hadi pale, ndizo siku zenu. Mbegu ya mume yaweza kusubiri mpaka siku tano. Yai halisubiri. Likizidi sana, siku moja."

Fundi akatazama. Kumi na tano ilikuwa nje ya pini. "Mama! Mume wangu alikuwa anaondoka sufuria haijachemka!"

Nesi akacheka mpaka miwani ikadondoka kifuani, ikabaki inaning'inia kwenye kamba yake. Kisha akakaza sauti. "Lakini mwili si saa ya ukutani. Hesabu ni makadirio. Uangalie na ute wa ukeni: ukiteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi, siku zimewadia. Na mkijaribu mwaka mzima bila kitu, mje kupimwa nyote wawili. Nyote, umenisikia? Ukifika miaka thelathini na mitano, usingoje mwaka. Miezi sita yatosha."

Narudia, wasikilizaji: yai hutoka kama siku kumi na nne kabla ya hedhi ijayo. Kabla ya ijayo. Mwenye mzunguko mrefu, siku zake huchelewa.

Dereva akabadilisha ruhusa. Mwezi wa kwanza, hola. Wa pili, hola. Wa tatu fundi hakutaka hata kusalimiwa. Wa nne, siku ya thelathini na tano ikapita. Ikaja ya arobaini. Akapima mimba: mistari miwili.

Akampigia mumewe, aliyekuwa amesimama kituo cha mafuta. Akauliza: "Kwa hiyo tatizo halikuwa mimi, wala wewe?"

"Tulikosea hesabu tu, baba."

Fundi anasema alimsikia akiketi chini, akicheka huku akivuta makamasi.

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe alikuja na sabuni na taulo la mtoto. Hakutaja ya nyuma. Fundi naye hakumdai neno, alimsogezea kiti. Mtoto huyo wa kike sasa ana miaka sita.

Kwa binti wa marehemu, wajukuu na wakunga wenzake: poleni sana. Mungu amlaze Nesi Miwani mahali pema.

Nasi tulio hai tujiulize. Yule mke wa ndugu yako unayemhesabia miaka ya ndoa, umewahi kumsaidia kuhesabu siku?