Dawa ya Nyumbani Husagwa Nyumbani: Maisha ya Mama Yustina Ngatirah

Baba Paroko, wazee wa kijiji, ndugu na majirani mlioacha mpunga shambani ili kuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, Budiyono, mkwe wa marehemu, niwaeleze mama yetu alikuwa nani na alipitia nini, na nikikwama mahali mnivumilie, kwa kuwa mwenyewe asingependa nilie mbele za watu.

Mama Yustina Ngatirah alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Karangwuni, Klaten, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kromorejo na Bibi Samiyah, akakulia katika jiko ambalo mtoto akikataa kula alibanwa pua na kukamuliwa mdomoni kitambaa chenye majani machungu yaliyotwangwa, na siku moja, bado mdogo kabisa, alimng'ata mama yake kidole hadi kikatoka damu, mama yake akamwambia, "Haya, kuanzia leo utajitwangia mwenyewe," naye akajitwangia, akaonja, akakunja uso, akameza.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, akaishia darasa la sita kwa sababu baba yake alipooza na mikono ya kazi ikapungua nyumbani, akaingia kwenye banda la tumbaku, ambako alitunga majani kwenye vijiti vya mianzi tayari kwa kukaushwa, kazi aliyoifanya hadi banda lilipofungwa mwaka 1989.

Tarehe 9 Juni 1971 alifunga ndoa takatifu na Bwana Marsudi, mfinyanzi wa vigae, wakajaliwa watoto wawili, Wuryani, aliyezaliwa 1973, ambaye ndiye mke wangu, na Handoko, aliyezaliwa 1976, na watoto hao walilelewa kwa manjano na ukwaju, kwa mchele uliolowekwa ukasagwa pamoja na kencur, mzizi mdogo wa jamii ya tangawizi, wakichoka, kwa tangawizi na mchaichai wakipata mafua, kwa majani machanga ya mpera tumbo likiwaharisha, lakini homa isiyoshuka hadi kesho yake aliibeba mgongoni mpaka zahanati, akisema, "Mizizi yangu inajua kubisha hodi, haijui kuvunja mlango."

Ndugu zangu, msiba uliokaribia kuivunja nyumba hii uliingia mwaka 1994, na familia imekubali niuseme. Baba Marsudi alikuwa na maumivu ya mgongo kwa kuinamia udongo miaka yote, na alichoka kusubiri dawa ya mkewe, iliyotuliza polepole, basi akaanza kununua kwa siri unga wa pakiti kutoka kwa mchuuzi mmoja wa sokoni, unga ulioitwa wa mizizi, uliomwinua asubuhi kama kijana, akawa anamcheka mkewe kwa wenzake wa tanurini, "Yake ni supu, hii ndiyo dawa!" Uso wake ukanenepa, watu wakampongeza kwamba ndoa imemkaa vizuri, na Mama peke yake hakufurahi, kwa sababu mashavu yalijaa huku miguu ikikonda, akamuuliza, Baba akanuna, akamuuliza tena, akaambiwa ana wivu na biashara za watu.

Kisha asubuhi moja Baba alitapika damu nyeusi kwenye tanuri la vigae. Mama alimpandisha kwenye gari la kubebea udongo, akachukua pakiti zote alizozikuta chini ya godoro, akaziweka mbele ya daktari, na daktari akamweleza kwamba unga ule ulikuwa umechanganywa na vidonge vya kutuliza maumivu na kuondoa uvimbe, tena kwa wingi, ndivyo vilivyomvimbisha uso na kumchubua tumbo, na kwamba bila pakiti zile wangechelewa kujua. Baba alipona, ingawa hakurudia udongo, akaishi hadi tarehe 20 Januari 2011, na alikuwa akisimulia kisa hiki mwenyewe kwa kila aliyekubali kukaa.

Tangu hapo Mama alikuwa na vita yake. Mchuuzi alimfuata nyumbani, akamtaka atengeneze za kwake wauze pamoja, akamwambia, "Mama, watu wanataka kupona leo, wewe unawapa kesho," naye akamjibu, "Basi waambie umewatilia nini, uone kama watanunua," akarudi kusaga. Hakuuza. Alikwenda nyumba kwa nyumba na vipande vya manjano na tangawizi vyenye macho ya kuchipua, akavipanda mwenyewe kwenye makopo ya watu, akawasimamia wasage wenyewe wanachokunywa, wengine wakamfungia mlango, Bibi Painem, ambaye yupo hapa, akampigia kelele, "Ngatirah, mimi nina kazi, sina muda wa kusugua mawe!" na Mama akakaa kibarazani kwake akimenya mizizi mpaka Bibi Painem akaona aibu akatoa kinu. Sasa pitieni uani kwa kila mtu hapa mjionee.

Mwezi Februari mwaka huu, 2023, macho yake yalianza kuwa ya njano, akapimwa, akakutwa na saratani ya kongosho, na wapo waliomuuliza kwa kejeli iwapo mizizi imemkimbia, akawaambia bila hasira, "Mizizi ni ya jikoni, na ugonjwa huu haukuingilia jikoni," akalazwa kila alipotakiwa kulazwa, akameza kila alichopewa na daktari, na tulipoambiwa hakuna zaidi, aliomba kurudi nyumbani.

Asubuhi ya tarehe 2 Septemba, Galuh, mjukuu wetu, alikuwa na kikohozi, na Wuryani alikuwa jikoni akisaga, huku Mama amelala chumbani amefumba macho, hajasema neno tangu jana yake, tukidhani hasikii tena, ghafla akasema kwa sauti iliyofika jikoni, "Bado hiyo. Ina nyuzi." Wuryani akaendelea kusaga huku machozi yakimtoka, Mama akisikiliza, mpaka jiwe lilipobadilika sauti likawa laini, akasema, "Sasa mpe mtoto," na baada ya Galuh kunywa hatukumsikia tena, akakata roho asubuhi hiyo hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomweleza ukweli bila kumdharau, wenzake wa banda la tumbaku waliokuja kumwogesha, majirani mliopika, Baba Paroko aliyempaka mafuta, na wote ambao nafasi hainiruhusu kuwataja.

Mama, kazi tumeipokea. Lala, upumzike kwa amani.