Mulki Jama Hirsi na Mpigaji Simu wa Alhamisi

Bi. Mulki Jama Hirsi anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na nne katika redio yetu hapa Galkayo, mji ambao nusu yake ni ya jimbo moja na nusu ya jimbo jingine. Alianza kwa kusoma bei za ngamia. Anaondoka akiwa mtangazaji wa "Meza Moja", mjadala wa kila Alhamisi alasiri ambao uongozi ulikusudia kuufunga siku atakayoondoka yeye. Haufungwi tena, na sababu ni hii.

Swali la kipindi halijawahi kubadilika: Wasomali tutawaliwe na serikali kuu moja au na shirikisho la majimbo? Wageni nao ni walewale. Kanali mstaafu Shire Egal, wa kusini mwa mji, anataka serikali kuu. Mwalimu Burale Samatar, wa kaskazini, anataka majimbo. Mulki aliwawekea sharti: anayetaja ukoo, wake au wa mwenzake, anagongewa kijiko kwenye glasi na kunyimwa chai. Kanali ameondoka na kiu mara nyingi.

"Shirikisho gani hili?" husema Kanali. "Ni koo zilizovaa suti! Kila kizuizi barabarani sasa kina bendera yake."

"Serikali yako kuu tuliionja, Kanali," hujibu Mwalimu. "Ilitubomolea mabirika ya kuhifadhia maji ya mvua. Kiu yake bado tunayo."

Mpigaji simu alianza kupiga mwaka ambao pande mbili za mji zilikubaliana kusimika nguzo za mpaka, na wapimaji wakachora mstari wa chokaa katikati ya makaburi ya zamani. Ilikuwa sauti ya mzee. Nyuma yake hapakusikika mbuzi, pikipiki wala upepo.

"Binti, huo mpaka wenu unapita pembeni yangu au juu yangu?"

Mulki alimuuliza yuko wapi.

"Palepale mliponiacha."

Mitambo haikuonyesha namba. Mzee aliuliza vilevile kila Alhamisi. Kwetu mgeni huulizwa kwanza ni wa ukoo gani, lakini Mulki alishika sharti lake na hakumuuliza.

Asubuhi moja aliwachukua wageni wake wawili hadi makaburini. Mimi nilibeba kinasa sauti. Chokaa ilipita juu ya kaburi moja lisilo na jina, kati ya jiwe la kichwani na jiwe la miguuni.

"Kichwa kiko kwetu," alisema Mwalimu. "Huyu wetu."

"Miguu iko kwetu. Mtu huenda kwa miguu, Mwalimu, haendi kwa kichwa!"

Wakacheka wote wawili. Mulki hakucheka, wala mimi. Tuliporudi studio kusikiliza tulichorekodi, waliocheka walikuwa watatu. Kanali aliomba kusikia tena, kisha akaomba chai. Alasiri hiyo kila mmoja alikwenda kwa wakubwa wa upande wake, na nguzo zikahamishwa. Makaburi yamebaki bila mpaka. Ndilo jambo pekee ambalo "Meza Moja" imewahi kuamua. Mzee hakupiga tena.

Mwezi huu pande zote mbili zimerudisha askari kwenye mstari. Alhamisi iliyopita, katika kipindi cha mwisho cha Mulki, taa ya simu iliwaka. Sauti ilikuwa ileile, ila safari hii nyuma yake palikuwa na mnong'ono wa watu wengi.

"Binti, nasikia mnaifunga meza."

"Mimi nastaafu tu, mzee wangu."

"Staafu, umechoka. Hao wawili waache wabishane. Wakibishana, huku haletwi mtu. Huku wameshaanza kusogezana, wawapishe wanaokuja."

Kanali alisogeza glasi yake. Mwalimu alimmiminia chai. Meneja, aliyekuwa chumba cha mitambo, alitangaza kabla ya taarifa ya habari kwamba kipindi kinaendelea. Hodan Ciise, mtangazaji wa asubuhi, atakishika. Amekabidhiwa glasi na kijiko.

Dada Mulki, tunakushukuru kwa chai, na kwa kila ugomvi ulioishia mezani. Tunakutakia maisha mema na marefu. Mzee naye tunamtakia asipate majirani wapya.