Pindo la Gauni la Chiriku

Sogeeni karibu, wanangu, na huyo aliyesimama mlangoni aingie aketi, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kupigia kelele. Mmekuwa mkinong'ona sebuleni mkidhani masikio yangu yametangulia kufa. Nimesikia. Wewe kifungua mimba wangu umesema Chiriku, binti yako, ingawa ana saratani kama niliyougua mimi utotoni, hapelekwi kwenye mionzi, kwa kuwa mionzi ndiyo inayomuua mama.

Ni kweli, inaniua. Daktari wa moyo hakunificha: vali, vile vilango vya moyo, zimekakamaa pale pale nilipochomwa kifuani nikiwa msichana, na hata saratani ya titi nililokatwa anadhani ilianzia huko. Wakati ule hakuna aliyetueleza. Mama yangu, dobi asiyevumilia doa, alinisugua kwa sabuni hadi alama za wino walizonichora kifuani za kulengea mionzi zikafutika, ikabidi nipimwe upya. Lakini bila mionzi ile ningezikwa kabla sijajua kutia uzi kwenye sindano, na ninyi nyote msingekuwapo wa kunisengenya.

Kwa hiyo msinifanye kisingizio. Sikubali, nasema sikubali, kifo changu kitumike kumuua mjukuu wangu. Apelekwe kesho. Na mkifika, ulizeni ambayo mama yangu hakuyauliza: moyo wake utakingwaje, na baadaye atafuatiliwa vipi. Akipona msishangilie mkasahau. Apimwe moyo, tezi ya shingo, na matiti akishakuwa mkubwa, hata kama ni mzima wa kuruka kamba. Mkwe wangu, wewe ndiye mwenye kumbukumbu humu ndani, kazi hiyo ni yako. Na atakayemficha mtoto ugonjwa wake, nitamfufukia.

Nyumba ni yenu wote, asiiuze mtu. Cherehani ni ya Chiriku. Usinune, kifungua mimba wangu; nilikulaza juu ya kifua hiki hiki kilichochomwa, nawe ukalala.

Nipeni maji... Basi, yanatosha. Pale kitini kuna gauni nililomshonea la kwendea hospitali, la vifungo mbele, wasije wakamvua nguo zote. Mkwe wangu aliniuliza mbona pindo pana hivyo, kitambaa kinapotea bure. Hakipotei. Mtakuwa mkiliachia pindo hilo... kila akirefuka. Mungu awabariki, awape mioyo imara kuliko huu wangu. Liachieni, wanangu... kidogo kidogo... mpaka liishe. Kisha ashone lake mwenyewe.