Mwalimu Subiri Aiaga Idara ya Fizikia na Astronomia

Baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha, mingi kati ya hiyo akiwa pia mratibu wa masomo ya uzamili, mwenzetu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Mwalimu Subiri, maana hilo ndilo neno alilolisikia kila mwanafunzi aliyeingia ofisini kwake akihema, barua ya kukubaliwa na chuo cha mbali mkononi, kabla hata ya kukaribishwa kiti.

Alianza kazi akiwa mhadhiri msaidizi mwembamba, mwenye sauti ya kuamsha jengo la jirani. Wembamba umekwisha, sauti ipo. Uratibu alitwishwa siku aliyochelewa kikao. Waliowahi wakamchagua bila kupingwa. Walidhani wamemkomesha, kumbe wamempa kazi ya maisha yake.

Mwombaji wa uzamivu hakuruhusiwa kuanza maelezo yake binafsi kwa kusema amependa nyota tangu utotoni. Kila mtu alipenda nyota, Mwalimu alisema, hata wezi wa kuku. Alitaka aya ya kwanza iseme umepima nini, ulikosea wapi na sasa unataka kujua nini. Na sisi tuliochelewesha barua za kupendekeza wanafunzi hakutugombeza. Alikuja na kiti chake, akaketi mlangoni na kusahihisha mitihani, akikohoa kila tulipogusa simu. Barua zilitoka.

Halafu kulikuwa na usaili wa majaribio. Alimweka mwombaji maabara na kompyuta, yeye akampigia kwa video kutoka ofisini akijifanya profesa wa ng'ambo, na katikati ya jibu akakata mawasiliano makusudi, aone kama mtu atababaika. Matokeo yake, kijana wetu mmoja, usaili wake wa kweli ulipokatika na kurudi sauti tupu bila picha, alicheka na kumwambia profesa mgeni kwa Kiswahili, "Mwalimu, acha hizo, nimeshakushtukia!" Profesa akaomba atafsiriwe. Kijana alieleza yote huku jasho likimtiririka, wakacheka mpaka muda ukaisha. Nafasi alipata, na ufadhili juu. Mwalimu alidai sifa zote ni zake.

Lakini tutakuwa wanafiki tukisema lile neno lake, subiri, lilikuwa mzaha siku zote. Miaka saba iliyopita binti yake wa pekee alikubaliwa kusomea uzamivu wa astronomia kwenye chuo alichokiota, ila bila ufadhili wowote. Mama yake, muuguzi, alishazungumza na chama cha akiba na mikopo. Ilibaki sahihi ya baba. Mwalimu akakataa. Alimwambia binti yale yale aliyowaambia watoto wa watu: katika fani yetu, chuo kinachokutaka kweli mara nyingi hukulipia ada na kukupa posho ili ufundishe au ufanye utafiti. Ukienda kwa mkopo, mwaka wa pili utakukuta huna pa kushika. Iache hiyo, uombe tena mwakani.

Binti alilia, akamuuliza kama ana uhakika nafasi nyingine itakuja. Mwalimu hakuwa na uhakika, na alimwambia hivyo. Shemeji yetu alimnunia mpaka mwenzetu akaanza kula mchana na sisi, akisingizia kazi nyingi. Fundi wa maabara alimwambia usoni kwamba ana moyo wa jiwe.

Mwaka ule binti alikuja maabara yetu kupima mwangaza wa nyota zinazobadilikabadilika, akimsalimia baba yake kama mtu wa ofisi nyingine. Akaomba vyuo vitatu. Viwili vilimkataa. Cha tatu kilinyamaza hadi tukaogopa kuuliza. Kisha jibu likaja: ada yote, posho na bima ya afya. Mwalimu alijifungia ofisini akalia. Ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, tulisikia kila kitu, tukajifanya tuna kazi. Tulimpenda sana siku ile.

Mwezi ujao binti anatetea tasnifu yake, na wazazi wote wawili wana tiketi. Mwalimu ameapa kwamba ataketi ukumbini kimya, bila kunyoosha mkono kuuliza swali. Sisi tunaomjua hatuamini. Shemeji naye haamini. Ametuambia atakaa upande wake wa kulia na kuushika mkono huo tangu mwanzo hadi mwisho.

Ahsante, Mwalimu, kwa kila kijana uliyemzuia akakukasirikia, kisha akaondoka na safari iliyo bora. Nenda ukapumzike, uishi vyema na kwa afya tele. Na huo mkono, mwachie shemeji.