Sufu au Pamba, Kofia ya Mjukuu

Semeni alikuwa akikimbia vita vya Umatumbini, na tangu aondoke kwao hakuwa amecheka. Katika mtumbwi wa kuvukia Rufiji alikaa nyuma ya wanawake wawili waliokutana humo humo. Mkubwa wao, Bi Mwanahalima, alikuwa akimfumia mjukuu wake kofia kwa uzi mwekundu wa sufu.

“Sufu, bibi, kwa joto hili?” akauliza mwenzake, Zena. “Unamvisha mtoto au unamchemsha? Mfumie uzi wa pamba.”

“Pamba!” Bi Mwanahalima akashusha sindano. “Hii tuliyolimishwa kwa viboko mpaka watu wakashika mikuki? Haikai kichwani mwa mjukuu wangu!”

Watu wakatupa macho mbele, alikokaa askari wa Mdachi na bunduki yake. Semeni akainamisha uso.

Zena hata hakupepesa macho. “Ndiyo maana aivae! Tumelima sisi, hatukubakiwa hata na utambi wa taa.”

Askari akageuka polepole, akavua kofia yake na kujikuna utosi. “Sufu inawasha,” akasema.

Semeni akajaribu kukizuia kicheko, kikamtokea puani. Watu wote wakaangua vicheko, mtumbwi ukayumba, mpiga kasia akafoka, “Mtatuzamisha! Chekeni nchi kavu!”

Walipogota ukingoni, Bi Mwanahalima akamgeukia askari: “Nani kakuuliza wewe?” Kisha akashika njia ya Kibiti, Zena ubavuni pake, wote wawili wakisema kwa pamoja. Semeni, ambaye hakuwa na mwenyeji upande ule, akajifunga kanga vizuri, akawakimbilia asipitwe na neno.