Barua ya Kulalamikia Nyanya

Benchi lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa kibanda cha kinyozi, mguu wake mmoja ni tofali, na kila asubuhi lilibeba watu walewale watatu. Karibu na mlango alikaa Kinyozi mwenyewe, maana mteja akija ni lazima ainuke yeye. Katikati alikaa Injinia, fundi wa redio ambaye hajawahi kumrudishia mtu redio ikiwa na skrubu zake zote. Mwisho alikaa Mzee Kanuni, karani mstaafu wa mahakama, aliyewahi kuzikariri sheria nyingi na sasa anazikumbuka nusunusu. Mbele yao Mama Birika aliweka jiko lake la mkaa, akawauzia kahawa na kuwachamba bure. Siku hiyo hawakuja kupiga soga tu. Walikuwa wanasubiri jibu la barua.

Barua ilikwenda wiki mbili nyuma, kwenye ofisi ya ule mradi wa kupunguza umaskini vijijini na kuwainua wakulima wadogo. Ilikuwa ya kumlalamikia msimamizi wa mradi pale kijijini. Na msimamizi huyo, ambaye watu humwita Kimya, ni mdogo wake Kinyozi, tumbo moja, ziwa moja.

— Leo anang'oka, — alisema Injinia, akipuliza kahawa. — Barua kama ile haimwachi mtu kitini.

— Vifungu saba, — Mzee Kanuni alijitapa. — Na nimeweka "kwa mujibu wa" mara kumi na moja. Ofisi yoyote ikiona "kwa mujibu wa" inatetemeka.

— Ang'oke kwa kosa gani? — Mama Birika aliuliza.

— Kosa? — Kinyozi alidakia. — Nyanya zake umeziona? Mtu wa kawaida anapata wapi nyanya kama zile?

— Anamwagilia.

— Hebu tuache, Mama! Baba alituachia shamba moja. Tuligawana kwa kamba, mimi nimeshika ncha hii, yeye ncha ile. Udongo uleule, jua lilelile. Upande wake nyanya, upande wangu magugu. Uniambie hapo hakuna namna!

Hakusema kwamba upande wake jembe halijapita tangu misimu miwili iliyopita. Mambo mengine mtu hasemi, hasa akiwa amekaa kwenye benchi lake mwenyewe.

— Namna ipo, — alisema Injinia, akasogea mbele kama anayetaka kutoa siri ya serikali. — Mimi ni mtu wa nyaya, siwezi kudanganywa. Ile mipira myeusi waliyotandaza shambani, wanasema ya kumwagilia kwa matone. Haya, iangalie vizuri. Tundu, nafasi, tundu, nafasi, mstari umenyooka kabisa. Ile ni antena.

— Ya kunasa nini?

— Mvua! Wingu likipita tu, linavutwa. Mvua ya juzi si ilinyesha kwake ikakatikia mpakani?

— Ilifika mpaka hapa, — alisema Mama Birika. — Ilinizimia jiko.

— Hayo yalikuwa mabaki.

Kinyozi alitikisa kichwa taratibu. Hakuiamini sana habari ya antena, lakini alipenda jinsi ilivyomkaa mdogo wake vibaya. Siku hizi alikuwa hivyo. Neno lolote la kumshusha Kimya lilimpa nafuu kidogo, halafu baada ya muda roho ikaanza kumuuma upya, ikataka neno jingine.

— Mimi naliona jambo kisheria, — Mzee Kanuni alisema. — Kwenye shamba darasa, pale mradi unapofundishia kilimo, wanasaini daftari la mahudhurio kila wiki. Sasa, kwa mujibu wa sheria, mtu akisaini mahali pamoja mara kumi na mbili mfululizo bila kuweka pingamizi, mahali pale si pake tena.

— Sheria gani hiyo, mzee wangu?

— Ipo. Ina kurasa nyingi. Kimya ameshauza shamba. Wanakikundi wote arobaini wameshauza. Hata wewe Mama Birika, unayekwenda huko kila Jumanne, umeshauza.

— Nimeuza nini? Nina vitanda viwili vya mchicha.

— Ndivyo hivyohivyo.

Mama Birika alicheka mpaka akashika kiuno. Kinyozi hakucheka. Alikuwa na lake, na aliliweka la mwisho kwa kuwa aliliona kubwa kuliko ya wenzake.

— Nyinyi mnazungumzia mvua na madaftari. Mimi nimeibiwa rutuba! Walipokuja mara ya kwanza walichota udongo kwenye vifuko, wakaenda nao kupima. Waliuchota wapi? Mpakani. Na rutuba yote ya upande wangu ilikuwa imejikusanya mpakani. Walipoondoka tu, upande wangu ukafa.

— Vifuko vingapi?

— Viwili.

— Ukubwa gani?

— Kama vya chumvi.

— Pole, baba, — alisema Mama Birika. — Rutuba ya shamba zima, ikaenea kwenye vifuko viwili vya chumvi.

— Cheka. Hujanyimwa wewe. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kitalu chao. Miche imebaki, naiona kwa macho yangu, inasubiri kunyauka. Nikamwambia Kimya, nipe hata miche ishirini. Mnajua alinijibuje? "Kaka, hauko kwenye orodha." Mimi! Niliyembeba mgongoni akinikojolea! Akaniambia miche iliyobaki ni ya kuziba mapengo ya wanakikundi, na akinipa mimi kesho kila mwenye kaka atamleta kaka yake.

— Si ndiyo kazi ya msimamizi?

— Kazi! Ana zamu za pampu kaziandika ukutani, ana zamu za kitalu, ana siku ya mbegu, siku ya mkutano. Mke wake mwenyewe alichelewa zamu ya maji, akaambiwa asubiri kesho. Huyo ni mtu au saa ya ukutani?

Alisema hivyo kwa dharau, lakini ulikuwa wivu mtupu. Siku hizi watu walimwita Kimya "bwana msimamizi" njiani, huku yeye wakimuuliza habari za mdogo wake. Hata mkwe wake, akija kumtembelea binti yake, alipita kwanza kwa Kimya kuangalia nyanya, akafika kwa Kinyozi ameshashiba, hataki kitu. Na mama watoto jioni alikwenda kusimama mpakani, eti anachuma mboga za porini, kumbe anatazama upande wa pili. Juzi alisema, bila kumlenga mtu, "Shemeji anaamka mapema." Kinyozi hakulala vizuri kwa maneno hayo matatu.

Na chanzo cha yote alikijua. Mradi ulipoanza, kijiji kizima kiliitwa uwanjani. Wakachora maduara matatu chini: la wenye nacho, la watu wa katikati, na la wenye dhiki. Kila mwenye kaya achukue jiwe, aliweke mwenyewe panapomhusu, majirani wote wakishuhudia, ili pasiwe na wa kudanganya. Waliosaidiwa ni wa duara la tatu. Sasa siku hiyo mkwe wake Kinyozi alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki, mkongojo mapajani. Mtu amekupa binti yake, halafu usimame mbele yake utangaze una dhiki? Kinyozi alilitupa jiwe lake kwenye duara la wenye nacho, likalia. Injinia naye hakukubali kuwa chini ya kinyozi, akaweka hapohapo. Mzee Kanuni hakukubali kuwa chini ya fundi wa redio. Benchi zima likawa tajiri kwa asubuhi moja. Kimya alikuja nyuma yao, akaenda moja kwa moja kwenye duara la tatu, akaweka lake, akarudi kukaa. Kinyozi aliona aibu kwa niaba yake, akamcheka.

— Lakini tusidanganyane, — alisema Mama Birika, kana kwamba alikuwa anayasikia mawazo hayo. — Siku ya mawe nani aliwashika mkono?

— Yale yalikuwa mambo ya heshima, — alisema Injinia.

— Na suala hilo lilishafungwa, — aliongeza Mzee Kanuni.

Kinyozi alichungulia njiani kama jibu linakuja. Asubuhi ile, alipokuwa anavaa viatu, mama watoto alimwambia: "Baba, orodha ya msimu huu inafungwa leo jioni. Nenda kwa mdogo wako ukaseme. Ukituacha nje tena, mimi na watoto tutakwenda kulima kibarua hukohuko kwa baba yao mdogo, na utatukuta tumeinama kwenye nyanya zake." Tangu hapo alikuwa anaiona picha hiyo kila akifumba macho. Mke wake ameinama, mdogo wake amesimama na daftari. Tumaini lake lote lilikuwa kwenye barua. Kimya aondolewe, aje msimamizi mwingine, aandike majina upya, na yeye ajipenyeze humo bila kumwomba mtu.

Pikipiki ilisimama. Akashuka dada mmoja mgeni, viatu vimejaa tope, kofia ngumu kichwani, jalada kwapani. Akavua kofia, akawaamkia.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti, — waliitikia, wakabanana kumpa nafasi.

Akakaa, akanunua kahawa, akanywa nusu kabla ya kusema.

— Natoka ofisi ya mradi. Nimekuja kwa ajili ya barua yenu.

Injinia alimkanyaga Kinyozi mguu kwa furaha. Mzee Kanuni alirekebisha kola ya shati.

— Imeandikwa vizuri sana, — alisema dada. — Tumeisoma ofisi nzima. Ile sehemu ya rutuba kuibiwa tuliisoma mara mbili.

— Kifungu cha tano, — alisema Mzee Kanuni.

— Basi tulimtaka msimamizi ajieleze. Hakujibu habari ya rutuba. Ameandika mistari miwili tu. Kwamba kaka yake na wenzake wawili waliwekwa duara la kwanza kimakosa, na anaomba waulizwe upya kabla orodha haijafungwa.

Kinyozi alihisi uso unamwaka. Angemkuta mdogo wake amemsema vibaya, angejua la kufanya. Hili hakulijua.

— Kwa hiyo Kimya hang'oki? — Injinia aliuliza.

— Ang'oke kwa lipi, kaka? Hapa ndipo zamu za maji zinafuatwa kuliko vijiji vyetu vingine vyote. Haya, tuanze. Sitawasumbua, sichori duara tena. Kuna swali moja. Ila utaratibu haujabadilika, linajibiwa mbele ya majirani. — Akafungua jalada, akamgeukia Kinyozi. — Jana, nyumbani kwako, mlikula mara ngapi?

Kinyozi alitazama kikombe.

— Hayo mambo ya jikoni, — alisema, — kamuulize mama watoto.

— Nimetoka kwake sasa hivi. Amenikaribisha vizuri. Amesema hilo utajibu wewe.

Mteja mmoja alikaribia kibanda, akaona nyuso zilivyokaa, akapitiliza. Dada alingoja, kisha akamgeukia Injinia.

— Na wewe, kaka?

Injinia alianza kutafuta skrubu mfukoni.

— Na mzee wangu?

Mzee Kanuni alifungua mdomo, ikaonekana anatafuta kifungu. Hakukipata. Hata Mama Birika, aliyekuwa na neno kwa kila mtu, alijishughulisha na mkaa.

Kinyozi alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu la neno moja, na mtoto wake mdogo angelisema bila kufikiri. Lakini kulisema mbele ya benchi hakuweza, na ndipo alipotambua, kwa uchungu uliomfanya akaze macho, kwamba nyanya za Kimya hakuwahi kuzionea wivu. Alimwonea wivu kwa kuweza kusema jambo kama hili mbele za watu, kisha kurudi kukaa mahali pake.

— Ni namba tu, kaka, — dada alisema kwa upole, kalamu ikiwa tayari kwenye karatasi. — Moja, mbili, au tatu.

Wote watatu walikuwa wanaijua, ya kwao na ya wenzao, na hakuna aliyeitamka.